Kondoo Aonje Kwanza

Kiangazi hiki walituita, sisi akina mama tunaofuga kondoo hapa mtaani kwetu Masasi, tukae kwenye mabenchi ya ofisi ya kata tufundishwe kulisha machicha ya pombe. Nilikwenda kwa sababu nina kondoo watatu na majani yalishakauka mpaka chini ya majabali. Somo lenyewe sikulijua. Ningelijua nisingekwenda, rafiki yangu. Ningesingizia mgongo.

Afisa mifugo alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, aliyetuamkia shikamoo mmoja mmoja kabla ya kuanza. Kisha akafunua ndoo. Harufu ikatoka, ile ya uchachu na mkate uliolowana, ikatembea juu ya vichwa vya wenzangu wote ikaja kukaa kwangu.

"Haya mnayoyamwaga ni chakula," alisema. "Sukari imekwenda kwenye pombe, kilichobaki humu ni protini, na protini ndiyo inayojenga nyama. Kwenye viwanda vya bia huko mijini watu wanapanga foleni na magari kuyachukua. Ninyi hapa, wapika pombe mnao kila mtaa."

Jirani yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akanyoosha mkono. "Mama mtaalamu, kondoo akilewa akamtukana mume wangu, kesi ni ya nani?"

"Ya mumeo," mwingine akadakia kutoka nyuma. "Si ndiye atakayekuwa amemfundisha!"

Tulicheka, na binti yule akacheka mpaka akashika meza. Akatuambia tuyachanganye na pumba na majani, tuyalishe yangali mapya, yakiota ukungu tuyazike. Halafu akaniona. "Mama Esta, mbona kimya? Umewahi kulisha machicha?"

"Nimewahi kulisha," nikamjibu, "na nimewahi kula."

Wakacheka tena, wakidhani natania.

Esta ni mwanangu wa kwanza. Lakini kabla hajawa mwanangu, Esta alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu, aliyekufa hajafika umri wa kuanza shule. Nilimpa mwanangu jina hilo kwa mapenzi, sikufikiri mbali. Sasa kila anayeniita barabarani, muuza nyanya, kijana wa bodaboda, katekista, anamtaja marehemu bila kujua. Mama Esta, shikamoo. Marahaba. Mama Esta, za tangu jana. Nzuri. Ndivyo nilivyoishi.

Tuligawiwa ndoo moja moja ya kujaribia. Niliileta nyumbani mchana, nikaiweka kivulini karibu na baraza. Hapo barazani ndipo anaposhinda mjomba wangu. Ni mzee sasa, macho yamekufa, mke hana, mtoto hana. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake, ndiye mwenye neno juu yake kuliko baba, na uzee wa mjomba nao ni mzigo wa watoto wa dada yake. Kwa dada yake nimebaki mimi peke yangu. Basi ninampikia, ninamfulia, ninamwongoza chooni.

Aliinua pua. "Nani kapika pombe?"

"Hakuna aliyepika, Mjomba. Ni machicha ya kondoo."

 Akaanza kusugua goti lake kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefuta doa.

Niache nikupeleke Newala, juu kabisa ya uwanda, kwenye nyumba ya bibi yangu, mama yake huyu mzee. Mimi sikusoma, niliishia darasa la pili, lakini nyumba ile naweza kukuchorea kwa kijiti. Mbele uwanja uliofagiwa. Nyuma jiko la miti na udongo. Ubavuni mwa jiko zizi la kondoo, na kati ya jiko na zizi mitungi mitatu ya pombe imezikwa mpaka kiunoni. Bibi alikuwa mtu wa kanisa. Jumapili alivaa gauni jeupe akakaa benchi la mbele, na Jumatatu akaloweka kimea. Mchungaji alipomsema, alimjibu, "Baba, hata ile divai yako kuna mwanamke aliyekanyaga." Mchungaji hakurudia.

Kupika pombe juu kule ni kazi ya maji kuliko kazi ya moto. Kisima uani? Thubutu. Tulishuka bondeni na kupanda, kwenda alfajiri, kurudi jua limekaa utosini, na nusu ya maji imetulowesha mgongo. Ndiyo maana kwa bibi maji hayakumwagwa. Maji ya kuoshea mahindi yalioshea vyombo, ya vyombo yakaenda kwenye mpapai. Tone likidondoka alisema "Hilo lilikuwa na miguu yangu."

Mahindi au mtama ulilowekwa, ukafunikwa majani ya mgomba mpaka uote. Ukiota unaanikwa, unatwangwa, unapikwa, unaachwa uchachuke. Siku ya kuchuja ndiyo ilikuwa siku yetu. Bibi alikamua kwa mfuko wa gunia, mikono miwili, misuli ya shingo imesimama, pombe ikilia *chururu chururu* ndani ya mtungi. Yaliyobaki kwenye gunia ndiyo machicha. Tulikuwa tunayasubiri sisi na kondoo, sawasawa. Miezi ya njaa, makopa ya muhogo yakiisha darini na mikorosho ikiwa bado maua, watu wanachimba ming'oko, vile viazi vya porini, bibi aliyatia chumvi akayakandika juu ya kigae cha moto yakawa maandazi ya bapa, meusi pembeni, machachu katikati. Usinicheke. Mpaka leo sijala keki iliyonifurahisha vile.

Lakini kulikuwa na sheria moja. Kondoo aonje kwanza.

Alikuwapo jike mkubwa, sikio moja limekatika, tumbo kama ngoma. Yeye ndiye alipewa kata ya kwanza ya machicha, kila pombe, miaka yote. Alikula kichwa chini, meno yakisaga, na midomo ikibaki na unga mweupe kama bibi harusi aliyepakwa. Akishamaliza tulikaa. Hakuna mtoto kugusa mpaka jua lifike juu ya paa la jiko. Kama kondoo anacheua vizuri, masikio yamesimama, bibi alisema, "Haya, mwenzenu kapita." Ndipo kondoo wengine walipewa, na sisi. Bibi alijifunza hivyo kwa mama yake, ambaye mtungi wake uliwahi kuingia kinyonga. Kinyonga kweli, au mkono wa mtu, hakutuambia. Alisema tu, "Mnyama hana haya. Mtu anaumwa anakaa kimya ili asimuudhi mwenyeji, kondoo halijui hilo."

Sasa nawataja wenye mkono katika kifo cha Esta. Nawataja kwa kazi zao, majina yao wenyewe wanayajua na Mungu anayajua.

Wa kwanza ni bwana ghala. Mwaka ule wa njaa zililetwa mbegu za mahindi wapewe wakulima wapande. Mbegu zile zilikuwa zimepakwa dawa ya wadudu, nyekundu kama hina, na kwenye magunia palichorwa kichwa cha mfu. Bwana ghala alizitoa kwa mlango wa nyuma. Alitaka kondoo mnono kwa sherehe ya jando la wanawe, na mjomba akamwahidi kondoo wa bibi. Kwa ahadi hiyo mjomba akarudi na gunia begani, mbegu zikiwa zimekwisha kuhamishiwa, sijui na nani, kwenye gunia jingine lisilo na mchoro.

Wa pili, basi, ni mjomba wangu.

Bibi alikuwa ameshuka bondeni. Mama yetu alikuwa mbali, Lukuledi, analima mashamba ya watu apate mihogo ya kutuletea. Nyumbani tulikuwa mimi na Esta. Mjomba akatuita nyuma ya jiko, akatumwagia mahindi kwenye beseni, na debe moja la maji.

"Osheni mpaka yawe meupe."

"Mjomba, mbona mekundu?"

"Rangi ya gunia. Gunia jipya linachuja. Na msimwambie bibi, atasema nimemletea mahindi mabovu, tutalala njaa wote."

Debe moja. Mahindi yale yangehitaji madebe kumi na bado. Tuliosha, maji yakawa mekundu, tukaosha ndani ya wekundu uleule. Na unajua tulifanya nini? Tulifurahi. Kucha zetu zilikuwa zimeingia rangi, nzuri, ya waridi, kama za mabibi harusi. Esta akazamisha vidole akavishikilia humo akihesabu kama vile tulivyowaona wasichana wakubwa wakingoja hina ikolee. Akanyoosha mikono juani. "Da, mimi bibi harusi. Wewe mpambe." Nikamwambia, "Bibi harusi hana meno mawili ya mbele?" Akanipiga kwa mkono wa maji.

Maji yale tuliyamwaga kwenye mpapai.

Bibi aliporudi alikuta mahindi yamelowekwa. Aliyatazama, akachota moja akalivunja kwa jino, akatema. "Yana rangi."

"Gunia," akasema mjomba.

Na hapa ndipo bibi naye alipodanganywa na ujuzi wake. Siku ya tatu alipofunua majani, hajapata kuona kimea kama kile. Mahindi ya chakula ya siku zile yalikuwa yametobolewa na wadudu, kumi unaloweka, manne yanaota. Haya yaliota yote! Punje zote, vimikia vyeupe urefu mmoja, kama watoto wa shule mstarini. Bibi alipiga kigelegele peke yake uani. Majirani wakaja kutazama. Alisema, "Mungu akiziba huku anazibua kule." Mbegu ndiyo kazi yake kuota, nani wa kumwambia? Walioweza kumwambia walikuwa watatu, mjomba na sisi wawili tuliokuwa tumeficha kucha migongoni.

Siku ya kuchuja wanywaji walikaa uwanjani tangu asubuhi. Mjomba siku hiyo hakunywa. Alisema jino linamuuma. Sikuliwaza hilo wakati ule. Nimeliwaza baadaye, miaka, nikiosha vyombo, nikipalilia, nikiwa kanisani.

Bibi akachota kata ya kwanza ya machicha akaelekea zizini kama kawaida. Mjomba akasimama mlangoni pa zizi, mikono kwenye mihimili huku na huku.

"Mama, usimlishe huyo."

"Simlishi. Namwonjesha."

"Ana mwenyewe sasa. Kesho bwana ghala anakuja kuchagua. Wote wafungiwe, asije akakuta tumbo limeharibika."

"Tumbo litaharibika na machicha yangu? Miaka yote hii?"

"Mama, nimesema ana mwenyewe."

"Na hawa watoto," bibi akatuonyesha kwa kata, "hawana mwenyewe?"

Mjomba akacheka. Nakumbuka meno yake. Akasema, "Watoto tumbo lao ni chuma. Wape wale, wanakutolea macho kama kunguru."

Bibi alisimama na ile kata mkononi. Namwona, rafiki yangu, sasa hivi namwona, machicha yakidondoka taratibu kwenye vidole vya miguu yake. Mwanawe wa kiume mbele yake, wanywaji wanatazama, na sisi kwa njaa tulikuwa tumeanza kulia. Kondoo mwenye sikio moja alikuwa amekwisha kunusa, analia ndani, anapiga pembeni kwa kichwa. Bibi akageuka. Akasema maneno ambayo hakuyasahau mpaka anakufa. "Basi leo tule bila kuonjewa."

Alikandika kwenye kigae. Esta alipata andazi lake na mimi langu. Mimi nilikuwa nimekula ming'oko ya wizi kwa jirani, tumbo halikuwa tupu sana. Nikamwambia, "Nikupe nusu ya langu, ufagie zizi kwa zamu yangu?" Akakubali haraka kabla sijabadili nia. Alikula lake, akala nusu yangu, akaenda kufagia zizi. Zamu yangu.

Alianza kutapika kabla hajamaliza kufagia. Nami nikafuata. Bibi alitubeba, mmoja mgongoni mmoja kifuani, mpaka zahanati, na njiani tuliwapita wanywaji wawili wamechuchumaa vichakani wakishika matumbo. Hapo ndipo penye mtu wangu wa tatu, mganga wa zahanati. Bibi alimwambia, "Wamekula machicha." Akamjibu bila kuinua kichwa, "Nyie wapika pombe," akaandika homa, akatupa vidonge vya homa. Hakunusa mdomo wa mtoto. Hakutazama mikono. Mikono ilikuwa pale, juu ya meza yake.

Esta alikufa kesho yake asubuhi, jua limeshapanda, katika mkeka uleule wa kuanikia kimea. Mimi niliishi. Mkono wangu wa kushoto unatetemeka tangu siku ile, ndiyo maana chai unayopewa kwangu haijai kikombe.

Akina mama waliomwosha walizisugua kucha zake kwa mchanga na kwa limau. Hazikutoka. Mmoja akauliza, "Huyu mtoto alikuwa anachezwa unyago mapema hivi?" Bibi akasogea, akainua kile kidole, akakitazama. Kisha akanitazama mimi, mikono yangu.  Alitoka nje akachukua mchi, tukasikia mitungi ikivunjika, mmoja, wa pili, wa tatu. Hakupika tena pombe mpaka anaingia kaburini. Na mama yangu alifika baada ya siku nne na kikapu cha mihogo kichwani, akiimba, akiwa bado hajafika uwanjani.

Bwana ghala alikuja kumchukua kondoo wake siku ya tatu ya msiba. Alikuwa mzima kabisa kondoo yule, manyoya yanang'aa. Alisema pole, akamkamata kwa lile sikio zima, akaondoka naye.

Mjomba alilia msibani kuliko wote. Alijipiga chini mpaka akashikwa na watu. Na mimi tangu hapo swali langu limekuwa moja. Alijua, au hakujua? Kama hakujua, ni mtu mjinga aliyekuwa na njaa kama sisi, na namsamehe, na chakula ninachompa ni cha damu yangu. Kama alijua, basi alisimama mlangoni pa zizi kumlinda kondoo, akatuacha sisi tuonje. Bibi hakuwahi kumuuliza. Mama hakuwahi. Mimi nilimuuliza mara moja, nilipokuwa binti, akanijibu, "Gunia lilikuwa linachuja rangi," maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Nikaendelea kutojua. Mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu.

Sasa nirudi kwenye ndoo. Siku ile ya somo nilipika mapema, jua bado liko kwenye majabali, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, chakula anachokipenda. Nikamnawisha mikono. Nikamwekea sahani mapajani kama nilivyomwekea maelfu ya siku. Hajawahi kuuliza kitu. Anamega, anakula, anasema "Asante, mama."

Hakumega. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa ndoo. Alikaa na mikono hewani, majimaji yakimdondoka, pua imeinuka. Kisha akaisukuma sahani kwangu kwa vidole viwili.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Nilidhani sikusikia. "Unasemaje, Mjomba?"

"Onja. Nikusikie."

Basi. Karibu maisha yangu yote nimengoja jibu, likaja siku ambayo sikuuliza, na sahani ya kisamvu. Asiyejua sumu hawezi kuiogopa kwa harufu ya machicha. Nilimtazama yale macho yaliyokufa. Ningeweza kuinuka nikamwacha hapo. Ningeweza kusema jina la mtoto yule, lakini hilo analisikia kila siku, watu wakinisalimia, na sasa naelewa kwa nini akilisikia husugua goti.

Nikamega tonge. Nikatafuna kwa sauti ili asikie, nikameza. Mkono wa kushoto ulikuwa unagonga sahani. Akasubiri kidogo, akanyoosha mkono, akala.

Kule Newala hakuna kitu tena. Nyumba ilianguka, zizi limeota mkorosho wa watu wengine, na mpapai uliokunywa maji mekundu sikumbuki hata ulikufa lini. Kaburi la Esta halikuwekwa alama, nalikisia kwa hatua. Vigae vya mitungi bado vinaibuka mvua ikinyesha, watoto wa pale wanavichezea wakidhani ni vya watu wa kale. Wapika pombe wa siku hizi wana mapipa ya plastiki, na hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema kondoo aonje kwanza. Machicha ya yule binti niliwapa kondoo wangu kesho yake. Nikawafungia wajukuu ndani, nikakaa kwenye kigoda mpaka jua likafika juu ya paa. Walicheua vizuri. Mama mtaalamu alisema kweli, wamenenepa.

Na mzee barazani sasa hali kitu bila mimi kuonja. Asubuhi uji, mchana, jioni, anainua uso na kungoja. Kondoo wa bibi tulimngoja mpaka jua lihame. Mimi ananingoja tonge moja tu.